Sauti Ipitayo Mfupani



Utotoni mwangu, katika mtaa wa pwani ambako mashine za boti zilikuwa zikitengenezwa chini ya mkungu, alikuwako mzee mmoja ambaye sote tulimwita Fundi, na ambaye, kwa sababu ya masikio yaliyokuwa yakimtoka usaha tangu udogo wake, alikuwa hamsikii mtu amwitaye mpaka aguswe bega. Lakini mzee huyo huyo, ikiletwa mashine iliyoharibika, aliiwasha, akatwaa bisibisi ndefu, akaiweka ncha yake juu ya kifuniko cha mashine na mpini wake akauuma kwa meno, akafumba macho, na baada ya kitambo kidogo akautoa mpini kinywani, akaupangusa kwa kikoi, akasema kwamba beringi ya nyuma imekwisha, au kwamba valvu ya pili haifungi sawasawa. Wakifungua, ndivyo. Watu walisema ana jini, na wengine, wenye inda, walisema kuwa uziwi wake ni wa kujitia ili asiwasikie wanaomdai. Mimi nilisadiki la jini, kwa kuwa ndilo lililokuwa tamu zaidi.

Muradi wa mhadhara wangu wa leo ni kumvua mzee yule jini wake na kumpa haki yake. Fundi alikuwa akisikia kwa mfupa. Mlango wa sikio lake ulikuwa umebomoka, ila nyumba yenyewe, iliyo ndani kabisa ya fuvu, ilikuwa nzima, na yeye bila ya kufundishwa na mtu alikuwa amegundua njia ya uani. Njia hiyo matabibu wameijua kwa karne nyingi. Lakini kuifanya impitishie kiziwi maneno ya watu, wala si ngurumo ya mashine peke yake, ni kazi iliyowezekana juzi tu, nayo ilizuiwa muda wote huo na kitu ambacho hakuna aliyekidhania, nacho ni ngozi.

Kabla sijaendelea, nawaomba kila mmoja azibe masikio yake mawili kwa vidole, barabara, kisha avume kwa midomo iliyofumbwa, kama mama abembelezaye mtoto. Ajabu ni kwamba sauti haikupungua, bali imekua, nayo imehamia katikati ya kichwa. Hii ndiyo sababu mtu aisikiapo sauti yake mwenyewe katika redio au simu huona haya na kuikana, akisema si yake, ni nyembamba mno. Ni kwa kuwa maisha yake yote amejizoea kwa njia mbili kwa pamoja, ya hewa na ya mfupa, ilhali redio humrudishia ile ya hewa pekee, ambayo ndiyo sisi wengine tuliyokuwa tukimjua nayo siku zote.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Lile jani la nje ambalo walimu wetu walituvuta kwalo, pamoja na ndewe yake itobolewayo kwa ajili ya vipuli, ni kikusanyio tu. Ndani yake kuna mfereji, na mwisho wa mfereji umewambwa utando mwembamba, ambao ndio tuuitao kiwambo au ngoma ya sikio. Na nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa, na katika chumba hicho vimening'inia vifupa vitatu, ambavyo vimepewa majina ya vyombo vya mhunzi na mpanda farasi: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku hukanyaga kijidirisha, na nyuma ya kijidirisha hicho ndipo ilipo koklea, iliyojisokota kama kombe la konokono, mizunguko miwili na nusu hivi, imejaa maji, na katika maji hayo zimepangika chembe zenye vinywele ambazo hutambua mtetemo na kuupasha mshipa wa fahamu.

Yupo atakayeuliza, vifupa hivyo vya nini? Kwa nini sauti isiende moja kwa moja? Jawabu analijua kila aliyewahi kupiga mbizi: ukiwa chini ya maji, mwenzio aliye ndani ya mtumbwi aweza kupiga makelele mpaka akakauka koo usimsikie, kwa sababu sauti itokayo hewani ikifika juu ya maji hugonga na kurudi, na katika kila sehemu 1000 za nguvu yake ni moja tu iingiayo. Nasi, kwa maumbile yetu, sauti zetu huzaliwa hewani na kusikiwa majini. Basi ngoma ya sikio, ambayo eneo lake ni takriban mara 17 ya unyayo wa kikuku, huikusanya nguvu ya eneo kubwa na kuishindilia katika eneo dogo, kama vile kisigino chembamba cha kiatu kinavyotoboa zulia ambalo unyayo mpana ungelipita juu yake salama. Ngoma ikitoboka, au vifupa vikiliwa na usaha, au mtoto akazaliwa bila mfereji wa sikio, hesabu hiyo yote huvunjika, na sauti za watu hubaki nje, zikigonga juu ya maji.

Lakini fuvu likitikiswa, maji ya koklea nayo hutikisika pamoja nalo, na koklea haiulizi mtetemo umetoka wapi. Jambo hili lilithibitishwa kwa namna nzuri sana mnamo mwaka 1932 na Georg von Békésy, Mhangaria aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya simu ya posta mjini Budapest, na ambaye baadaye, mwaka 1961, alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Bwana huyu aliipitisha sauti moja hewani na sauti iyo hiyo mfupani, akazipima na kuzipinganisha, hata zikauana na msikilizaji asisikie kitu. Lau koklea ingelikuwa na namna mbili za kusikia, zisingeliweza kufutana. Kwa kuwa zilifutana, ilidhihiri kwamba njia ni mbili na mwisho wa safari ni mmoja.

Watu wa kale walikuwa wamekwisha kuigusa siri hii kwa vidole. Girolamo Cardano, tabibu wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1550, alieleza jinsi sauti iwezavyo kumfikia mtu kwa fimbo au mpini wa mkuki ulioshikwa kwa meno. Na mnamo mwaka 1879, Richard Rhodes wa Chicago, ambaye mwenyewe alikuwa na uzito wa masikio, alitengeneza upepeo wa mpira mgumu mweusi, uliopindwa kwa nyuzi kama upinde, ambao kiziwi aliuegemeza kwenye meno ya juu, nao ukapokea maneno ya msemaji na kuyatia mdomoni. Wanawake waliupenda, kwa kuwa mtu aliyeshika upepeo hajulikani kuwa ni kiziwi. Nauona ni uvumbuzi wenye adabu kuliko vingi vilivyoufuata. Kosa lake ni moja tu, kwamba anayeuma upepeo hawezi kujibu.

Ilipokuja karne ya umeme, vikatengenezwa vitetemeshi vidogo, vikatiwa katika ukingo wa miwani au katika utepe wa chuma uliobana kichwa, vikabandikwa juu ya ule mfupa ulio nyuma ya sikio. Hapo ndipo ngozi ilipoingia uwanjani. Ngozi na nyama iliyo chini yake ni laini, na kilicho laini hunyonya mtetemo kama mchanga mkavu unavyonyonya maji; tena hakinyonyi wote kwa usawa, bali huanza na zile sauti nyembamba za juu, ambazo ndizo zinazobeba herufi kama sini na shini, hata 'soma' na 'choma' yakawa ni neno moja kwa msikilizaji. Dawa pekee ilikuwa ni kubana zaidi. Ukibana zaidi, ngozi hukosa damu, inakuwa nyekundu, inauma, na mvaaji hupatwa na maumivu ya kichwa. Jioni huuvua utepe wake na kuutupa mtotoni mwa meza, akaona heri uziwi. Hali iliendelea hivyo kwa miaka mingi, na waliokuwa wakijaribu kuitengeneza walikuwa wakikiboresha kitetemeshi, ambacho hakikuwa na kosa.

Ufumbuzi ulitoka kwa watu ambao hawakuwa wakifikiri habari za masikio hata kidogo. Katika mji wa Lund, nchini Uswidi, mnamo mwaka 1952, tabibu kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa, na ili aione aliweka katika mguu wa sungura kijumba kidogo cha madini ya titani chenye kioo. Vijumba hivyo vilikuwa ghali, na desturi yake ilikuwa kuvitoa akimaliza ili avitumie tena; alipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika. Hapana gundi, hapana utando wa kovu katikati, bali mfupa hai ulikuwa umeota mpaka ukakumbatiana na madini. Mtu mwingine angelikasirika kwa kupotelewa na chombo chake, akaandika barua ya kuomba kingine. Brånemark alikaa akatafakari kitendo cha mfupa ule, na mwaka 1965 akawa amekwisha kumtilia mtu meno juu ya mizizi ya titani iliyopandwa tayani.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo, kwa kuwa madini haya si mageni kwetu. Mchanga mweusi wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ambao kuanzia mwaka 2014 ulipakiwa melini Likoni kwa shehena kubwa mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa mwaka 2024, ulikuwa ni mchanga wa titani. Sehemu kubwa ya titani ichimbwayo duniani haiwi chuma kamwe, bali hugeuzwa unga mweupe wa kutilia katika rangi za kuta. Kwa hiyo ni kiasi kidogo tu kinachofikia daraja ya kuingia ndani ya mwili wa binadamu. Siri yake huko ni kwamba, ikiguswa tu na hewa, hujivika ganda jembamba mno la kutu yake yenyewe, na ganda hilo haliliki wala halitoi sumu, hata mfupa ukiligusa hauoni adui.

Turudi Uswidi. Safari hii ni mjini Göteborg, ambako Brånemark alikuwa amehamia. Huko Anders Tjellström, tabibu wa masikio, aliuliza swali ambalo tukilisikia leo twaliona la mtoto: madhali titani yaweza kushikamana na taya na kutokeza nje ya ufizi, kwa nini isishikamane na fuvu na kutokeza nje ya ngozi? Mwaka 1977 wagonjwa wa kwanza watatu walipandikizwa, kila mmoja, parafujo ya titani ya urefu wa milimita chache nyuma ya sikio, nao wahandisi wa chuo cha Chalmers, miongoni mwao Bo Håkansson, wakatengeneza kitetemeshi kinachojibana juu ya parafujo hiyo kama kifungo cha nguo. Ngozi haikupaswa tena kupitisha mtetemo. Imerukwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1987, chombo hicho kikaanza kuuzwa.

Upasuaji wenyewe ni mdogo, lakini una uangalifu ambao nimeupenda tangu niliposoma habari zake. Tabibu hutoboa mfupa polepole huku maji yakimiminwa juu ya kekee, kwa maana mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa muda wa dakika moja tu, chembe zake hufa, na mfupa uliokufa haukumbatii kitu. Seremala wetu akitoboa mninga kwa haraka, akaona moshi, hucheka na kuendelea. Mtoboa fuvu hana ruhusa ya moshi. Kisha parafujo huachwa. Hapo zamani iliachwa kwa miezi mitatu bila kutwishwa kitu, ikingoja mfupa uote, na leo muda huo umefupishwa hata ukawa wa majuma. Lakini kanuni ni ile ile, kwamba chombo chaweza kununuliwa kwa siku moja, wala mshikamano haununuliki.

Ngozi, hata hivyo, haikukubali kushindwa upesi. Maumbile yameruhusu mahali pachache sana ambapo kitu kigumu kinatokeza nje ya mwili bila ugomvi, kama jino katika ufizi na ukucha katika kidole. Penginepo pote, ngozi ikitobolewa hufanya jitihada ya kujifunga, na isipoweza hufanya fujo. Waliovaa parafujo hizi iliwabidi waoshe shina lake kila siku kwa sabuni na brashi ndogo, na hata hivyo baadhi yao walipata wekundu, wengine majimaji, na wengine nyama mpya ikaota ikazunguka shina mpaka ikakaribia kulimeza. Matabibu walijaribu kuikata nyama ya chini iwe nyembamba, kisha wakaja kuona kuwa ni heri waiache ilivyo. Ndipo lilipokuja wazo la pili, la kwenda chini ya ngozi badala ya kuitoboa.

Hapa pana vyombo vya namna mbili, na wauzaji hupenda kuvichanganya, kwa hiyo nitavitenga. Namna ya kwanza huweka sumaku chini ya ngozi na sumaku nyingine juu, na kitetemeshi kikakaa nje. Ngozi ni nzima, ni kweli, lakini imerudi katikati, inabanwa na kunyonya mtetemo kama ilivyokuwa zama za utepe wa chuma. Sioni kwamba hapo tumekwenda mbele sana. Namna ya pili, ambayo kwa mfupa ilianza kutumika mwaka 2012, huzika kitetemeshi chenyewe ndani ya fuvu, na nje hubaki kipokeo kidogo chenye maikrofoni na betri, kinachoshikwa na sumaku nyepesi na kupeleka habari kwa mawimbi, kama redio. Mawimbi hupita ngozini bila kuumiza, na mtetemo huzaliwa mfupani penyewe. Mwishoni mwa mwaka huo huo, huko Göteborg, kundi la Håkansson nalo lilimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza chombo chake cha namna hii, miaka 35 baada ya ile parafujo.

Ipo njia nyingine tena, ya wale ambao mfereji na ngoma zao huenda zikawa nzima lakini kifaa cha kawaida cha kutia sikioni hakiwafai, nayo ni kuvishika vifupa vyenyewe. Mmarekani Geoffrey Ball, ambaye alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni, hakuridhika na vifaa alivyopewa, akajifunza uhandisi mpaka akabuni kitetemeshi cha miligramu 25, kidogo kuliko punje ya mchele, cha kuning'inizwa kwenye kile kifupa cha fuawe na kukitikisa. Mtu wa kwanza alitiwa chombo hicho mjini Zürich mwaka 1996, na baadaye Ball mwenyewe akatiwa katika masikio yake yote mawili. Sikumbuki mvumbuzi mwingine wa vyombo vya utabibu ambaye ameubeba uvumbuzi wake ndani ya kichwa kwa namna iliyo halisi kama hii.

Ni wajibu wangu kuondoa ghalati moja. Vyombo hivi vyote vyataka koklea iliyo hai. Ambaye chembe zake za ndani zimekufa pande zote mbili, hata fuvu lake litetemeshwe kama ngoma ya beni, hatanufaika. Huyo haja yake ni chombo kingine, kinachotia umeme moja kwa moja katika mshipa wa fahamu, na ambacho hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kukipandikiza mwaka 2017. Lakini aliyefiwa na sikio moja tu ana bahati yake, kwa kuwa fuvu ni moja: ukilitikisa upande wa kushoto, koklea ya kulia husikia karibu sawasawa. Kijana asiyesikia kwa upande wa kushoto, akikaa katika daladala na konda amesimama upande huo, hana haja ya kugeuza shingo kutwa nzima. Kitetemeshi cha upande uliokufa humchukua konda na nauli yake mpaka upande ulio hai.

Na kwa nini nimelichagua jambo hili, ilhali Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji msaada wa usikivu, na walio wengi hawana hata kile kifaa cha kawaida cha kutia sikioni? Nimelichagua kwa sababu ya usaha. Katika nchi zetu, sikio linalotoka maji tangu utotoni ni jambo ambalo kila nyumba imelijua, na kila bibi ana dawa yake, mafuta ya nazi yaliyotiwa kitunguu saumu au kingine, ambayo nawasihi msiitie katika ngoma iliyotoboka. Sasa, kifaa cha kawaida ni kizibo. Ukilizibia sikio linalotoka usaha, joto na unyevu huongezeka, usaha huzidi, kifaa hulowa na kuharibika, na tabibu akaamuru kivuliwe mpaka sikio likauke. Likikauka kinarudishwa, likaanza tena. Mgonjwa wa namna hii hukaa katikati ya kusikia na kupona, kila kimoja kikimnyima kingine. Njia ya mfupa ndiyo inayomtoa katika fumbo hilo, kwa maana huacha sikio wazi, lipate hewa na tiba, na sauti ikapita kwingine.

Najua bei ya vyombo hivi, na najua kwamba hewa yetu ya chumvi haina urafiki na betri wala maikrofoni. Kwa hiyo shauri langu si kwamba kila kituo cha afya kianze kutoboa mafuvu. Kipo kilicho rahisi: kile kitetemeshi cha nje, kikatiwa katika utepe laini wa kitambaa unaozunguka kichwa, hakihitaji kisu, na ndicho wanachovishwa watoto waliozaliwa bila mfereji wa sikio, ambao fuvu lao bado ni jembamba mno kwa parafujo, aghalabu mpaka watimize miaka mitano. Ni kweli kwamba ngozi itachukua ushuru wake hapo. Lakini mtoto wa miezi sita aliyevishwa utepe huo anayasikia maneno katika umri wa kuyajifunza, na maneno yaliyokosekana katika umri ule hayarudishwi baadaye na titani ya aina yoyote.

Nimekuja na uma wa sauti, ule wa mitetemo 512 kwa sekunde, uko hapa mezani. Mwenye shaka na sikio lake na aupige juu ya goti, auegemeze shina lake nyuma ya sikio mpaka uache kusikika, kisha meno ya uma huo ayalete mbele ya sikio. Sikio zima litausikia tena, kwa kuwa njia ya hewa ndiyo yenye nguvu. Asiyeusikia tena mbele, ilhali nyuma alikuwa akiusikia vizuri, asiende kwa mganga wala asijinunulie kifaa dukani. Aende kwa tabibu wa masikio amtazame ngoma yake na vile vifupa vitatu, na amwambie kwamba mfupani anasikia.